Barua ya wazi kwa wenye kumbi na studio za baleti: tuambieni kilicho chini ya sakafu

Kwa wakurugenzi wa shule za dansi, wasimamizi wa kumbi za maonyesho, na wajumbe wa kamati zinazoidhinisha ujenzi na ukarabati wa studio,

Kila ninapoingia kwenye chumba nisichokijua, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuvua viatu. Nasimama katikati, nainua kisigino na kukishusha kwa nguvu, kisha nasikiliza. Sakafu iliyojengwa kwa ajili ya kuruka hujibu "ndu", sauti nzito yenye mwangwi, na mtetemo wake nausikia hadi kwenye unyayo wa mguu wa pili. Sakafu iliyolazwa juu ya zege hujibu "ta". Kavu, halafu kimya, na mshindo wote unabaki ndani ya kisigino changu. Nasogea hatua chache, napiga tena: karibu na mlango, kwenye kona, chini ya reli ya mazoezi tunayoishikilia ukutani, mahali ambapo vipande viwili vya vinaili, ile plastiki ya kutandika sakafuni, vinakutana. Kazi hiyo hunichukua dakika tatu, na ndizo zinazoamua kama wanafunzi wangu wataruka siku hiyo au hawataruka.

Nimefundisha baleti miaka mingi, na kabla ya hapo nilicheza. Sijawahi kumiliki studio. Maisha yangu yote nimehama na begi langu kutoka chumba cha mtu hadi chumba cha mtu mwingine, nikakanyaga mbao tupu, mbao zilizopakwa vanishi, vinaili, vigae, hata zulia, na majukwaa yaliyoinama kama paa. Ndiyo maana naamini nina haki ya kuwaambia hivi: mwili wa mcheza baleti unaweza kuzoea karibu kila sakafu, mradi uambiwe mapema na upewe muda. Unaoumia ni mwili ulioshtukizwa, au uliowekwa juu ya zege. Mambo hayo mawili yako mikononi mwenu, hayako mikononi mwetu.

Nianze na zege, maana hapo ndipo penye maumivu.

Miaka kadhaa iliyopita tulihamishiwa kwenye ukumbi uliokarabatiwa. Uling'aa. Vinaili ya kijivu iliyonyooka ukuta hadi ukuta, vioo vipya, reli mpya. Nilipouliza kuhusu sakafu nilijibiwa kwa fahari: "Ni mpya, mwalimu, ni ile ile wanayotumia makampuni makubwa ya baleti." Na kweli, kwa juu ilikuwa ile ile. Nilipiga kisigino na kusikia "ta", nikasema, na nikaambiwa kwamba nimezoea vya kale. Wiki ya sita, binti mmoja wa miaka 13, ambaye hakuwa na tabia ya kulalamika, alikaa pembeni akiwa amekunja suruali hadi gotini. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye muundi, upande wa ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu. Kilipofika katikati akakirudisha haraka na uso ukabadilika. Daktari aliyemwona alisema mfupa umechoka na uko njiani kupasuka. Hakuruka kwa wiki nane.

Siku nyingine utepe wa gundi kwenye kona ulikuwa umebanduka. Nikaupinda ukingo wa vinaili ile kwa vidole viwili na kuchungulia chini. Vinaili yenyewe ilikuwa na unene wa milimita chache tu. Baada yake, zege. Hapakuwa na ubao, sponji wala papi, zile fito za mbao zinazowekwa chini ya sakafu.

Ndugu zangu, vinaili ni ngozi tu. Kazi yake ni kuupa mguu mshiko ulio sawa kila mahali. Wengi wenu mnaijua kwa jina la Marley, jina la kampuni ya Uingereza iliyoitengeneza zamani, ambalo limeendelea kutumika ingawa kinachouzwa leo kinatoka kwa watengenezaji wengine. Ngozi hiyo haifyonzi mshindo wa mtu anayetua kutoka hewani, isipokuwa kidogo sana. Kinachofyonza ni kilicho chini yake: papi zilizopangwa kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka, ili kila ubao uwe na nafasi ya kunepa, au vipande vya sponji ngumu na mpira vilivyotandazwa chini ya tabaka mbili za plaiwudi. Pembeni mwa chumba huachwa mwanya mdogo, kwa kuwa mbao hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka. Fundi asiyejua akiubana mwanya huo ukutani ili papendeze, sakafu hufura katikati na kupoteza kunepa kwake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mnapomwona mchezaji akitua kimya kama unyoya, sehemu ya ukimya huo imejengwa kwa mbao na misumari chini ya miguu yake.

Vipimo vya mambo haya vipo na havihitaji kubuniwa upya. Ujerumani wana kiwango cha DIN 18032-2 cha sakafu za michezo, kinachotaka sakafu ya aina hii ipunguze nguvu ya mshindo kwa asilimia 53 au zaidi, ikilinganishwa na zege. Ulaya kuna EN 14904, nacho ni cha sakafu za michezo za ndani. Havikuandikwa kwa ajili ya baleti, lakini vinatosha kumpa mjumbe wa kamati swali la kumuuliza muuzaji: sakafu hii inapunguza mshindo kwa asilimia ngapi, na imepimwa na nani? Nchini Ufaransa hawakuishia kwenye viwango. Sheria yao ya 1989 kuhusu ufundishaji wa dansi, pamoja na amri iliyofuata mwaka 1992, imeweka wazi kwamba eneo la kuchezea lazima liwe laini, lenye kunyumbuka na lililotandikwa kwa usawa, na lisikae moja kwa moja juu ya kitu kigumu kama zege au vigae. Imeandikwa hivyo hivyo, kwa maneno mepesi. Hakuna kinachomzuia mkuu wa shule yoyote duniani kuyafanya maneno hayo kuwa kanuni ya shule yake kesho asubuhi.

Labda mtasema natia chumvi. Basi tuhesabu pamoja miruko ya somo moja la kawaida. Miruko midogo ya kupasha mwili: 8 kwenye pozi ya kwanza (visigino vimegusana), 8 kwenye pozi ya pili (miguu imeachana), 16 ya kubadilishana miguu hewani. Hiyo ni 32, na hurudiwa mara moja, inakuwa 64. Kisha mazoezi mawili ya miruko ya haraka, kila moja miruko 16, kulia na kushoto: 64 nyingine. Mwishoni miruko mikubwa ya kukata chumba, minne kwa kila upande, mara mbili: 16. Jumla 144. Mwanafunzi anayesoma siku tano kwa wiki anatua mara 720, na kutua kwingi ni kwa mguu mmoja, kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua anapeleka hayo yote kwenye muundi, kwenye mifupa myembamba ya wayo, na kwenye kano ya kisigino.

Mwili hauzoei zege. Unavumilia, na kuvumilia kuna mwisho wake. Mchezaji aliye juu ya zege huanza kujilinda bila kujua: plie yake, yaani kule kukunja magoti, inakuwa fupi, visigino havifiki chini baada ya mruko, mabega yanapanda. Mwalimu asiyejua sakafu atamgombeza kwa uvivu. Mimi nimewahi kumgombeza mtu hivyo, na ninajutia hadi leo.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo ambalo halionekani kabisa: sakafu isiyo sawa. Pale inapokaa juu ya boriti ni ngumu, nusu mita pembeni inanepa, kwenye kona imekufa. Mguu unaporuka hujiandaa kutua kwa kumbukumbu ya mruko uliotangulia. Ukikuta pagumu wakati umejiandaa kwa palaini, au kinyume chake, kifundo kinachelewa, na kifundo kikichelewa kinateguka. Kwa hiyo ninapopiga kisigino sehemu nane za chumba simtafutii mwenye chumba makosa. Natengeneza ramani. Nikishaijua, nahamisha miruko mbali na boriti na kuwaambia watoto: hapa tunaruka, pale tunatembea.

Sasa mshiko. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wenzangu wachezaji na wasimamizi wa kumbi hugombana zaidi, na mara nyingi kila upande una haki yake.

Sakafu inayoteleza humwangusha mtu, hilo kila mtu analijua. Sakafu inayonata ni hatari kwa namna isiyopiga kelele. Mchezaji anapozunguka kwa mguu mmoja, mwili wote unageuka. Mguu ukigandishwa, kinachogeuka peke yake ni goti, na goti halikuumbwa kusokotwa. Tena, baleti inataka miguu ifunguke nje kutoka kwenye nyonga. Mwanafunzi asiye na uwazi wa kutosha kwenye nyonga hujifunza upesi kwamba sakafu inayonata itamsaidia: anapiga plie, anasukuma vidole nje, vinaganda hapo, kisha ananyoosha magoti juu ya miguu isiyotaka kwenda huko. Kwa macho anaonekana ana pozi ya tano nzuri, ile ya miguu iliyopishana kisigino kwa kidole. Siku akipelekwa kwenye mbao zinazoteleza, miguu inarudi pale nyonga zinapoiruhusu, naye anadhani amesahau kila kitu. Hajasahau. Ile sakafu ya kwanza ilikuwa inamdanganya. Kwa sababu hiyo mimi hupenda mwanafunzi akutane na sakafu tofauti mapema, lakini kwa mpango, akiwa kwenye reli, kwa mwendo wa polepole, kabla ya kuzunguka wala kuruka.

Rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari tunaosaga kwa viatu ndani ya kisanduku, ilikuwa rafiki yetu juu ya mbao tupu. Juu ya vinaili huganda, hukusanya uchafu, na baada ya miezi michache chumba huwa na madoa yanayonata hapa na yanayoteleza pale. Mnapoipiga marufuku kwenye vinaili, mna haki. Lakini tuelezeni, msibandike tangazo tu mlangoni, na mtuwekee mbadala: kitambaa chenye unyevu kwenye trei cha kukanyagia, na vinaili iliyosafishwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Maji kwenye sakafu ya dansi si jambo geni. Katika mchoro wa Degas wa mwaka 1877, wachezaji wawili wako kwenye reli na pembeni yao kimesimama chombo cha kunyunyizia maji, kwa kuwa sakafu za mbao zilinyunyizwa ili vumbi lisitimke. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuitunza sakafu kabla ya somo, na mchoraji aliona chombo chake kinastahili kuchorwa.

Hilo linanifikisha kwa msafishaji. Usiku wa kuamkia onyesho moja, msafishaji wa ukumbi, mtu mwema kabisa, alitaka jukwaa letu ling'ae, akalipaka dawa ya kung'arishia sakafu. Asubuhi ilikuwa kama kusimama juu ya sabuni. Wasichana wawili walianguka kwenye reli, tena wakiwa wameshikilia. Msimamizi alimfokea yule mzee mbele yetu. Nilinyamaza siku ile. Leo nasema kwamba kosa halikuwa lake. Hakuna aliyemwambia kuwa sakafu ile hainywi dawa yoyote. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye stoo yake ingetosha: tumia hiki, usitumie kile, piga deki saa hizi ili pakauke.

Kuhusu majukwaa yaliyoinama sitasema mengi, kwa sababu wachezaji wengi hukutana nayo mara chache. Zamani yalijengwa hivyo ili watazamaji waliokaa chini waone miguu, na mengine yako kazini hadi sasa. Jukwaa la Palais Garnier jijini Paris, lililofunguliwa 1875, limeinama kwa asilimia 5, yaani kila mita 20 unazokwenda nyuma unapanda mita moja. Ukizunguka, mwili unavutwa kuelekea kwa watazamaji. Ukisimama ubavu, mguu mmoja ni kama umerefuka. Ukiruka kuelekea mbele, sakafu inachelewa kufika. Ukiruka kuelekea nyuma, inawahi. Waliolelewa juu ya mteremko huo hawausikii tena. Mgeni anahitaji siku, si dakika 20 kati ya kufunga taa na kufungua milango.

Nasema haya nikijua kwamba nasi tuna wajibu wetu, na tunautimiza. Tunakwaruza nyayo za viatu vipya kwa tupa. Tunakata satini ya nchani mwa viatu vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole, au kuifuma kwa uzi mnene, ili ule mduara mdogo unaobeba mwili mzima upate mshiko. Tunakuwa na viatu vya ngozi na vya turubai ndani ya begi moja, na kuchagua baada ya kukanyaga. Kwenye chumba kigeni tunaanza na robo ya mzunguko, halafu nusu, halafu mmoja, na hatudai miwili mpaka mguu useme ndiyo. Kwenye sakafu ngumu mimi hufuta miruko mikubwa yote na kuongeza kazi ya plie na ya vidole. Lakini jueni gharama yake: mtoto asiyeruka mwaka mzima kwa kulindwa dhidi ya sakafu yenu, atafika kwenye jukwaa zuri akiwa na miguu isiyojua kutua.

Kwa hiyo ninachoomba kwenu ni hiki. Kwanza, andikeni. Katika mkataba wa kukodisha, kwenye barua ya mwaliko wa onyesho, kwenye ukuta wa studio, andikeni sakafu hii ni nini kuanzia juu hadi chini: ngozi gani, tabaka gani, imekaa juu ya nini, imeinama kiasi gani, inasafishwa kwa nini. Mistari mitano. Mkikuta kwamba wenyewe hamjui, basi mmegundua jambo kubwa, na fundi anaweza kufunua kona moja akawajibu kwa asubuhi moja.

Tena tupeni muda juu ya sakafu. Najua saa za jukwaa ni ghali na mafundi wa taa nao wanazitaka. Lakini somo moja kamili juu ya jukwaa lenyewe, kwa viatu vyenyewe, kabla ya mazoezi ya mwisho, liwe kwenye ratiba tangu mwanzo, lisiwe fadhila inayoombwa kwenye korido. Mkileta vinaili ya kukunja, itandazwe mapema, ikae siku nzima inyooke kabla ya kubandikwa utepe, la sivyo itafura chini ya mguu wa mtu katikati ya onyesho.

Na pale ambapo pesa inatosha kitu kimoja tu, nunueni cha chini kabla ya cha juu. Acheni vioo. Acheni vinaili inayong'aa. Mbao tupu zinazonepa, hata kama zimechubuka, hata kama zina rangi mbili, nitafundishia juu yake kwa furaha mwaka mzima. Wanaoamua mambo haya huingia ukumbini wakiwa na viatu, wakaangalia, wakatoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ugumu wa sakafu aujuaye mguu. Ndiyo sababu nawaomba kabla ya kutia sahihi mkaribishe mchezaji mmoja na mwalimu mmoja, wavue viatu, wapige visigino, na muwasikilize.

Binti niliyemtaja alirudi kuruka. Siku ya kwanza alisimama katikati ya chumba kingine, chenye sakafu ya papi, akapiga kisigino kama anionavyo nikifanya, akasikiliza, kisha akanigeukia na kuitikia kwa kichwa. Wale wadogo zake bado wako kwenye ule ukumbi unaong'aa, mara tatu kwa wiki. Barua niliyouandikia uongozi wake ilikuwa na swali moja, na nalirudia hapa hadharani kwa kila mwenye ukumbi anayesoma: chini ya ile vinaili, kuna nini?

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa baleti